BARUA YA BWANA SHAMBA: Pikipiki ya Umeme kwa Mtu wa Nyumba Mbili

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kupogolea mikorosho. Mwezi huu natoka shambani kidogo. Nataka kuwaeleza jambo lililonisumbua kichwa tangu mvua za masika. Jambo lenyewe ni pikipiki ya umeme.

Mimi ni mtu wa nyumba mbili. Msicheke. Sisemi nina wake wawili. Mke wangu ni mmoja, naye yuko nami kijijini, wilaya ya Kisarawe, kwenye kituo changu cha kazi. Nyumba ya pili ni ya baba yangu, Kariakoo, Dar es Salaam. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani. Ina ukumbi katikati, vyumba sita, na uani nyuma. Baba anakaa chumba kimoja, dada yangu kingine. Vyumba vinne vina wapangaji. Kulia na kushoto yamesimama maghorofa.

Kila Jumamosi nakwenda kumwona baba. Jumapili narudi. Kutoka Kariakoo hadi Kisarawe mjini ni kama kilomita 30. Unapita barabara ya Nyerere, Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto, halafu unapanda vilima vya Pugu. Kutoka Kisarawe mjini hadi kwangu ni kilomita 12 za vumbi na mchanga. Jumla ni kilomita 42 kwenda, na 42 kurudi. Tafadhali zikumbukeni namba hizi.

USIKU WA MASIKA

Baba ana ugonjwa wa kisukari. Anachoma sindano ya insulini. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili aliwahi kuchoma sindano, lakini hakula chakula chote. Saa nne usiku dada alinipigia simu. Baba alikuwa anatoka jasho na kutetemeka, na alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka.

Mvua ilikuwa inanyesha. Daladala hakuna. Nilimwamsha kijana wa bodaboda. Akasema, "Mzee, Kariakoo saa hizi ni elfu thelathini." Hata elfu thelathini sikuwa nazo mkononi. Nikaanza kugonga milango ya watu kukopa. Nilifika Kariakoo saa saba na nusu.

Nilimkuta baba amekaa kitandani anakunywa uji. Mpangaji wa chumba cha mbele, mama muuza vitumbua, ndiye aliyemwokoa. Baba alikuwa bado anaweza kumeza, naye akamnywesha maji yenye sukari nyingi. Kisha wakamkodia bajaji wakampeleka hospitali. Mimi mwanawe nilifika kila kitu kimekwisha.

Baba aliniambia, "Mwanangu, umelowa. Kaa upumzike." Hakusema zaidi. Lakini mimi sikulala.

PIKIPIKI YA KAZI NI YA KAZI

Baadhi yenu mtauliza, "Bwana Shamba, wewe si una pikipiki?" Ni kweli. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi pikipiki kwa maafisa ugani. Zilikuwa karibu 7,000 kwa nchi nzima. Nami natumia moja. Lakini pikipiki ile ni ya kutembelea mashamba yenu. Mafuta yake ni ya serikali. Siwezi kuipeleka Kariakoo kila Jumamosi na kuifunga uani kwa baba. Nikifanya hivyo, nitamwambia nini mkulima ambaye nilimwahidi kufika kwake nikasema sina mafuta?

Kwa hiyo nilianza kufikiria pikipiki yangu mwenyewe. Nina akiba katika chama chetu cha kuweka na kukopa. Akiba hiyo tuliiweka kwa ajili ya kuchimba kisima. Mke wangu anachota maji mbali, nanyi mnajua. Kwa hiyo kila shilingi ninayoitaja hapa imetoka kwenye ndoo ya mke wangu.

DUKANI KARIAKOO

Jumamosi moja nilizunguka maduka ya pikipiki kuanzia Msimbazi hadi Gerezani. Siku hizi pikipiki za umeme zimepangwa pamoja na za petroli. Kijana wa duka la kwanza alinisalimu, "Shikamoo mzee." Nikaitikia, "Marahaba," ingawa bado sijafika miaka 50. Akanionyesha pikipiki ya Sh. 2,400,000. Akasema inakwenda kilomita 80 bila kuchaji. Duka la pili walikuwa na nyingine ya Sh. 3,800,000. Nao wakasema inakwenda kilomita 80.

Nikauliza, "Kama zote zinakwenda kilomita 80, mbona bei zimepishana hivi?" Kijana akacheka. Akasema, "Mzee, tofauti ni betri."

Hapo ndugu zangu tusimame kidogo. Katika pikipiki ya umeme, betri ndiyo ghala. Mkulima haulizi ghala limepakwa rangi gani. Anauliza linachukua magunia mangapi, na litadumu misimu mingapi. Betri nayo iulize hivyo hivyo.

Ukubwa wa betri umeandikwa ubavuni kwa namba mbili. Moja ni volti, ya pili ni ampea kwa saa. Zidisha namba hizo, kisha gawanya kwa 1,000. Utapata uniti, zile zile unazonunua kwenye LUKU. Uniti moja ni umeme unaowasha taa ya wati 100 kwa saa 10.

Pikipiki ya bei nafuu iliandikwa volti 72, ampea 20. Mara moja ni 1,440. Ni kama uniti moja na nusu. Pikipiki ya bei kubwa iliandikwa volti 72, ampea 40. Hiyo ni 2,880, karibu uniti tatu. Ghala moja ni nusu ya jingine! Na pikipiki yenye mtu mmoja mzima hula kama uniti moja kwa kilomita 28 au 30. Basi ile ya kwanza haiwezi kufika kilomita 80 hata ikibembelezwa. Kijana hakudanganya kwa makusudi. Yeye alisoma karatasi. Karatasi ile hupimwa kwa mwendo mdogo, barabara tambarare, bila mzigo.

Jambo jingine ni aina ya betri. Ile ya bei nafuu ilikuwa na betri sita za asidi na risasi, ndugu za betri ya gari. Ni nzito. Hazipendi kutumiwa hadi mwisho. Ukizimaliza kabisa mara kwa mara, zinachoka baada ya kuchajiwa mara mia chache tu. Ile ya bei kubwa ilikuwa na betri ya lithiamu. Hiyo ni nyepesi zaidi, na ikitunzwa vizuri inachajiwa mara elfu moja na zaidi. Lakini ikifa, betri mpya ni ghali. Mimi niliambiwa Sh. 1,400,000. Muulize muuzaji bei ya betri kabla ya kuuliza bei ya pikipiki.

NILIVYOIPIMA NJIA

Mwenye duka alikubali niijaribu kwa kuzunguka mtaa mmoja. Mtaa mmoja wa Kariakoo, na mikokoteni na watu wale, hautakwambia kitu. Unakwenda polepole kama harusi. Kwa hiyo nilimtafuta kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya umeme kama ile ya ampea 40. Tulipatana bei. Akanichukua kutoka Kariakoo hadi kijijini kwangu. Mimi nilikaa nyuma na daftari. Tulipoondoka, saa ya pikipiki ilionyesha betri imejaa, asilimia 100.

Gongo la Mboto ilionyesha 79. Hapo nikafurahi. Kisha tukaanza kupanda vilima vya Pugu. Pikipiki haikulia wala kukohoa. Ilipanda kimya, lakini namba zilishuka upesi. Kisarawe mjini tulifika na 51. Baada ya lami kuisha tukaingia mchangani. Nyumbani kwangu ilionyesha 31.

Kijana alikunja uso. Kurudi ni kilomita 42, na 31 haitoshi, hata kama njia inateremka. Tukachomeka chaja nyumbani kwangu. Nilisoma mita kabla na baada. Kwa saa tatu ilikula uniti moja na nusu, na betri ikapanda hadi 76. Wakati huo alikula ugali na mke wangu akamuuliza maswali mengi kuliko mimi. Aliporudi Gongo la Mboto alinipigia simu. Peke yake, bila mzigo wa mimi nyuma, alikuwa amebakiwa na karibu nusu.

Kwa hiyo nimejifunza hivi. Nikiwa peke yangu, kwenda na kurudi siku moja bila kuchaji ni kubahatisha. Ningeishiwa njiani, pengine pale mchangani, usiku. Lakini nikichaji saa tatu Kariakoo, safari inawezekana bila wasiwasi.

SOKETI YA UANI

Kuchaji Kariakoo nako kuna maneno. Nyumba ya baba ina mita moja. Vyumba vyote sita vinachanga fedha za LUKU. Ugomvi wa LUKU mnaujua ninyi mliowahi kupanga. Fulani ana friji, fulani anapiga pasi kila asubuhi. Sasa mimi nije na pikipiki! Mama muuza vitumbua, yule yule aliyemwokoa baba, ndiye wa kwanza kuuliza, "Kaka, na umeme wa pikipiki tutachanga sisi?" Ana haki.

Tukapiga hesabu mbele ya wote. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji wa kawaida analipa Sh. 292 kwa uniti. Kodi na tozo zikiongezwa inafika karibu Sh. 356. Kuchaji saa tatu au zaidi kidogo, tuseme uniti mbili, ni Sh. 712. Nikasema kila nikichaji nitamkabidhi dada Sh. 1,000 zitiwe kwenye LUKU. Wakakubali. Mpangaji mmoja alisema niandike. Nikaandika.

Kijijini mambo ni tofauti, na hapa nawaomba msome polepole. Wengi wetu vijijini tuko katika kundi la watumiaji wadogo. Kundi hilo hulipa Sh. 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi 75, kila uniti ya ziada ni Sh. 350. Mimi natumia kama uniti 50 kwa mwezi. Pikipiki itaongeza kama 14, hata ikichajiwa yote kijijini. Nitafika 64. Bado niko salama. Lakini jirani yangu mwenye duka la soda baridi anatumia karibu 70. Yeye akinunua pikipiki hii na kuichaji nyumbani, atavuka mstari.

Na hatari ya moto je? Kariakoo hatuna haja ya kufundishwa. Soko letu liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na watu wengi walipoteza mali zao zote. Sisemi liliungua kwa betri. Nasema mitaa yetu imebanana, na moto ukianza huenda mbali. Betri ya lithiamu iliyopasuka, au iliyofungwafungwa na fundi asiyejua, ikiwaka haizimiki upesi. Kwa hiyo haitachajiwa ukumbini, maana ukumbi ndiyo njia ya kutokea. Haitachajiwa chini ya kitanda wala watu wakiwa wamelala. Itachajiwa uani, chini ya kipaa, mchana, kwa chaja yake yenyewe. Soketi ya uani ilifungwa zamani na waya wake umechakaa. Fundi aliyesajiliwa lazima aitazame kwanza.

HESABU YA FEDHA

Safari moja ya kwenda na kurudi ni kilomita 84. Pikipiki ya petroli ya kawaida hutumia kama lita mbili. Bei ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi, nayo hupanda na kushuka. Mwezi Agosti 2022 ilifika Sh. 3,410 kwa lita Dar es Salaam. Tuchukue Sh. 3,000. Lita mbili ni Sh. 6,000. Ya umeme itatumia uniti tatu na nusu. Hata nikizilipia zote Sh. 356, ni Sh. 1,246. Naokoa zaidi ya Sh. 4,700 kila safari. Tena hakuna oili ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna kabureta. Zinabaki breki, matairi na beringi.

Ukiishia hapo utakimbilia dukani. Lakini mimi nasafiri mara nne tu kwa mwezi. Nitaokoa kama Sh. 19,000 kwa mwezi, au Sh. 228,000 kwa mwaka. Pikipiki ya petroli niliyoulizia ni Sh. 3,000,000. Ya umeme inazidi kwa Sh. 800,000. Itanichukua miaka mitatu na nusu kurudisha tofauti hiyo tu. Kijana wa bodaboda anayezunguka kilomita 120 kwa siku atairudisha kwa miezi michache. Pikipiki ya umeme inampa faida anayetembea sana. Anayeiegesha siku tano kwa wiki, faida yake ni ndogo.

Na je, daladala? Daladala mbili pamoja na bodaboda ya kijijini zinanigharimu Sh. 10,000 kwenda na kurudi. Ni Sh. 40,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo, pikipiki ya Sh. 3,800,000 ni nauli ya karibu miaka minane. Bado hatujataja leseni, bima, usajili na kofia ngumu. Mke wangu alisikiliza hesabu yote hii. Kisha akasema, "Kwa hiyo si kwa ajili ya nauli. Ni kwa ajili ya usiku ule."

Amesema kweli. Basi nikaupima usiku ule.

Tuseme ningekuwa na pikipiki ya umeme usiku ule wa Aprili. Je, ingekuwa imejaa? Kama ningekuwa nimerudi jioni na asilimia 31, jibu ni hapana. Kama umeme ungekuwa umekatika kwa mvua, jibu ni hapana. Nchi yetu sasa ina umeme mwingi kuliko zamani. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilijengwa kutoa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kazi mwezi Februari 2024. Lakini mti ukiangukia nguzo karibu na kwetu, umeme wa Rufiji haunifikii. Petroli ina sifa moja ambayo lazima niikiri. Hata saa nne usiku utamgongea mtu mlango, akuuzie lita moja kwenye chupa. Umeme hauuzwi kwenye chupa.

Kigali wamelitafutia dawa jambo hili. Wanayo kampuni iitwayo Ampersand. Dereva anafika kituoni, anaacha betri tupu, anachukua iliyojaa, anaondoka kwa dakika chache. Serikali ya Rwanda nayo iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zisizokuwa za umeme hazitasajiliwa. Kituo kama kile kikiwekwa kwenye njia yangu ya Pugu, nitaifuta hesabu hii na kuanza upya. Mpaka leo mimi sijakiona.

TULIVYOAMUA

Nilimwuliza baba kama atakubali kuja kukaa nasi kijijini. Hapo safari zote zingekwisha. Akasema, "Mwanangu, msikiti wangu uko hapa. Kahawa yangu iko hapa. Hospitali iko hapa. Huko nitakaa na nani? Na mikorosho?" Nikanyamaza.

Tumeamua hivi. Dawa ya usiku kama ule haiko kwenye pikipiki ya mtu aliye kilomita 42. Iko ndani ya nyumba ile. Dada na mama muuza vitumbua wamekwenda pamoja kliniki ya baba, wakafundishwa dalili za sukari kushuka. Wamefundishwa pia kwamba mgonjwa asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali mara moja. Glukosi iko juu ya kabati. Namba ya simu ya jirani mwenye bajaji imeandikwa ukutani kwa mkaa, kubwa, hata baba anaisoma bila miwani.

Kisima kitachimbwa kwanza, baada ya mavuno. Mke wangu amesubiri vya kutosha.

Pikipiki itafuata, nayo itakuwa ya umeme, yenye betri ya lithiamu ya ampea 40. Sitaki ya bei nafuu. Nikifika nyumbani nitaichomeka siku ile ile, hata kama nimechoka, kama ninyi mnavyofungia kuku kabla ya giza. Na sitasafiri nayo usiku wa mvua. Barabara ile ina malori. Baba akinipoteza mimi njiani, nani atampeleka kliniki?

Jumamosi ijayo fundi umeme anakuja Kariakoo kuitazama soketi ya uani. Baba amekwishaanza kuuliza kama pikipiki hiyo ina honi. Amesikia haina sauti, na anasema watu wa Kariakoo wataigonga.

Mwezi ujao tunarudi shambani. Tutazungumza juu ya kukausha muhogo usiote ukungu. Wenye maswali waniletee ofisi ya kata.

Ndugu yenu,
Bwana Shamba